Je, kazi ya mwalimu ni nzito kuliko kazi nyingine?

Kila mwaka tunakuwa na siku mbili za kumkumbuka mwalimu: tarehe 30 mwezi wa nne, siku ya elimu katika nchi yetu ya Kongo, na tarehe 5 mwezi wa kumi, siku ya walimu ya dunia yote. Siku hizo tunasikia maneno ya aina mbili. Wengine wanasema hakuna kazi ngumu kama kufundisha. Wengine wanajibu: mwalimu anaanza asubuhi, saa saba mchana amekwisha kurudi nyumbani, na wakati wa likizo kubwa anapumzika kabisa, sasa analia nini?

Swali hili si la mchezo. Katika parokia zetu za mashariki, mwalimu ni jirani yetu. Mara nyingi ni mwimbaji wa kwaya, shemasi au mwalimu wa shule ya Jumapili. Jibu tunalokuwa nalo moyoni ndilo linaloamua jinsi tunavyomtendea mshahara ukichelewa, mgomo ukitokea, au mtoto wetu akianguka mtihani. Basi tulipime kwa utulivu.

Uzito wa kazi unapimwa namna gani?

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni ile pamba nyepesi ya mti wa msufi. Mzigo ukiwa kichwani pa mwingine, tunaona kana kwamba umejaa usufi tu; ukiwa kichwani petu, tunajua ni mawe. Ndiyo maana kupima kazi kwa macho peke yake hakutoshi.

Watu waliochunguza mambo ya kazi wanatusaidia kidogo. Mwaka 1979 mtaalamu Robert Karasek alieleza kwamba kazi inayochosha zaidi ni ile inayodai mengi huku ikimwachia mtu uhuru mdogo wa kuamua. Mwaka 1996 mtaalamu Johannes Siegrist akaongeza jambo lingine: mtu huumia pale anapotoa nguvu nyingi na kupata kidogo, iwe ni pesa, heshima au usalama wa kazi. Kwa hiyo tuulize maswali manne: saa ni ngapi? Mwili uko katika hatari gani? Kazi inadai nini akilini na moyoni? Na malipo yanalingana na nguvu inayotolewa?

Saa zisizoonekana

Anayesema mwalimu anafanya kazi nusu siku anahesabu saa za darasani tu. Lakini somo la asubuhi limetayarishwa usiku. Inspekta akifika, kitu cha kwanza anachoomba ni daftari la matayarisho. Kuna pia daftari la mahudhurio, kusahihisha, kutoa pointi, kujaza bulletini, mikutano na direkta, na kuonana na wazazi.

Tufanye hesabu nyepesi. Mwalimu wa shule ya msingi ana wanafunzi 60. Akitumia dakika 2 tu kwa kila daftari, zoezi moja linamchukua dakika 120, yaani saa 2. Akitoa mazoezi mawili kwa siku, hesabu na Kifaransa, ni saa 4 juu ya zile alizosimama mbele ya ubao. Twende sekondari: mwalimu mwenye madarasa 6 ya wanafunzi 50 ana karatasi 300 kila anapotoa intero. Kwa dakika 5 kila karatasi, ni saa 25. Hizo si saa za mchana. Ni za usiku, kwa taa au kwa tochi ya simu, maana umeme haupo kila mahali.

Jambo hili si la Kongo tu. Uchunguzi wa shirika la OECD wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba walimu wa sekondari ya chini huko Japani walifanya kazi saa 56 kwa wiki, na kati ya hizo saa 18 tu zilikuwa za kufundisha. Nyingine zote zilikwenda katika matayarisho, kusahihisha, karatasi za ofisi na shughuli za wanafunzi.

Kwa mwalimu mwanamke tuongeze tena. Akitoka shuleni, kuna maji ya kuteka, sombe ya kutwanga na watoto wa kuogesha. Madaftari yanafunguliwa wakati wengine wote wamelala.

Darasa lililojaa

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Jambo hilo lilianza kutendeka kweli mwezi wa tisa 2019. Tulishukuru, na tunaendelea kushukuru, kwa kuwa watoto wengi waliokaa nyumbani kwa kukosa pesa waliingia shuleni. Lakini vyumba, mabenchi na walimu havikuongezeka kwa haraka ile ile. Madarasa yakajaa. Shule nyingine zinafundisha kwa zamu, kundi moja asubuhi na lingine mchana.

Tuangalie maana yake. Tukigawa saa 4 za masomo kwa wanafunzi 60, kila mtoto anapata dakika 4 za mwalimu wake. Wakiwa 100, anapata dakika 2 na sekunde 24. Katika dakika hizo mwalimu wa mwaka wa kwanza anapaswa kumwonyesha mtoto jinsi ya kushika kalamu, kumsomesha kwa Kiswahili na kumwandaa kwa Kifaransa. Mapendekezo juu ya hali ya walimu yaliyopitishwa na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi la Dunia mwaka 1966 yalisema darasa liwe na ukubwa unaomwezesha mwalimu kumhudumia kila mwanafunzi. Pengo kati ya maneno hayo na hali yetu ndilo linalobebwa na mwalimu mabegani.

Hapa mashariki vita vimeongeza mzigo mwingine. Mtoto aliyekimbia na wazazi wake anaingia darasani katikati ya mwaka bila daftari wala bulletini, pengine amefiwa. Mwingine anatetemeka akisikia mlango ukigongwa. Mwalimu hakufundishwa kuwa mganga wa mioyo, lakini mtoto yuko mbele yake. Na mara nyingi mwalimu mwenyewe pia ni mkimbizi.

Je, kazi nyingine si nzito?

Ni lazima tuwe wa kweli. Mwuguzi anayelala zamu ya usiku ana uhai wa mtu mikononi, na kosa lake halifutwi kwa kifutio. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, na wahudumu wa afya wengi waliambukizwa. Tena wauguzi wengi nao hawapati mshahara wa Serikali, ila prime tu.

Mchimbaji wa dhahabu au koltani anaingia ndani ya shimo asijue kama udongo utamwangukia. Mama anayebeba mzigo mgongoni kwa kamba ya kipajini anaharibu mwili wake kwa franka chache. Dereva wa pikipiki anashinda katika mavumbi na barabara mbaya. Mkulima hana likizo, na mvua ikikosa hana wa kumlalamikia. Siku hizi anaogopa hata kwenda shambani.

Kwa hiyo, tukipima kwa nguvu za mwili na hatari ya kufa, kazi ya mwalimu si ya kwanza. Atakayesema mwalimu anateseka kuliko watu wote hatasema kweli. Lakini kazi hii ina namna yake ya uzito. Haiishi mlango ukifungwa. Inadai uvumilivu kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Matunda yake yanaonekana baada ya miaka, na kwa kawaida mwingine ndiye anayesifiwa. Na uhuru wa mwalimu ni mdogo: programu imepangwa na Serikali, idadi ya watoto haichagui, vitabu havitoshi, lakini mtihani ukianguka yeye ndiye anayeulizwa.

Malipo yasiyolingana na nguvu

Ni kwa swali la nne, la malipo, ambapo mzani wa mwalimu wetu unalemea sana. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba shule kwa kutoa prime. Elimu ya bure ilipoanza, prime ya shule ya msingi ilikatazwa, na walimu wengi wa mijini, kama Goma na Bukavu, wakaona pato lao linashuka. Wako pia walimu wanaofundisha kila siku bila kuwa katika orodha ya malipo ya Serikali, tunasema hawajamekanizwa. Na tangu mwanzo wa 2025, benki zilipofungwa Goma na kisha Bukavu, kupokea mshahara wenyewe kukawa kazi juu ya kazi.

Mara nyingi tunamtuliza mwalimu kwa neno moja: kufundisha ni wito. Ni kweli, ni wito. Lakini wito haununui unga. Neno hilo zuri likitumiwa kumnyamazisha mwenye njaa, linageuka kuwa mzigo mwingine. Katika Wagalatia sura ya 6, Paulo anatuambia tubebeane mizigo, na mistari michache baadaye anasema anayefundishwa Neno amshirikishe mwalimu wake mema aliyo nayo. Anasema juu ya walimu wa Neno, lakini moyo wake unatufundisha hata kwa wale wa shule.

Tuseme pia upande wa pili. Uzito wa kazi si ruhusa ya kupiga watoto, kuuza pointi au kukosa darasani bila sababu. Mtoto hana kosa katika mishahara ya Serikali.

Sisi tufanye nini?

Mashule yetu ya Kiprotestanti yanaongozwa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi tarehe 26 mwezi wa pili 1977: Serikali inalipa walimu na kupanga programu, Kanisa linasimamia shule. Hatuwezi kulipa mishahara badala ya Serikali, lakini yako mambo tunayoweza.

Wazazi: tufungue daftari la mtoto kila jioni, hata kama hatukusoma sana. Tumwulize amejifunza nini. Mtoto aliyesaidiwa nyumbani anapunguza mzigo wa mwalimu kesho yake. Na tukiitwa shuleni, tuende.

Makutaniko: jengo la kanisa linakaa wazi siku za kazi. Darasa la watoto 100 linaweza kugawanywa mara mbili, moja likae kanisani. Vijana waliomaliza masomo ya ualimu na kukosa kazi wanaweza kusomesha vikundi vidogo mara mbili kwa wiki, kwa makubaliano na direkta. Hilo ndilo shauri la Yethro katika Kutoka sura ya 18: alipomwona Musa amekaa toka asubuhi mpaka jioni akiamua mambo ya watu peke yake, alimwambia atachoka, yeye pamoja na watu, kisha akamshauri agawe kazi.

Wachungaji: tusimpe mwalimu huyo huyo kwaya, uandishi wa mikutano na shule ya Jumapili kwa sababu tu anajua kuandika. Jumapili naye apumzike.

Viongozi wa shule: tupunguze karatasi na mikutano isiyo ya lazima, na wale wasio kwenye orodha ya malipo wafuatiliwe kwenye kordinasyo mpaka majina yao yaingie.

Na anayetaka kumsaidia mwalimu kwa maharagwe, unga au pesa, atoe kwa hiari, kwa njia ya kamati, bila kumfukuza mtoto asiye na kitu na bila kununua pointi. Msaada ukigeuka kuwa ada ya siri, tutawarudisha nyumbani watoto wale wale walioingia mwaka 2019.

Basi tukiulizwa kama mwalimu anachoka kuliko mwuguzi, mkulima au mchimbaji, tujibu kwamba kila mmoja ana mawe katika kanda lake. Mawe ya mwalimu ni watoto wetu, na ni sisi tuliomtwika. Kwa hiyo haitufai kusimama kando na kusema ni usufi.