Studio si Maikrofoni Pekee: Mwongozo wa Kununua Vifaa vya Usalama na Starehe vya Chumba cha Kurekodia Muziki

Mtu anayekusudia kufungua studio ndogo ya kurekodia muziki, iwe katika chumba kimoja cha nyumba yake au katika jengo la kwaya, kwa kawaida huelekeza fedha zake zote kwenye maikrofoni, kompyuta na spika. Vifaa hivyo vikishafungwa, ndipo anapobaini kwamba hana kiti cha kukalia saa sita mfululizo, soketi ni moja tu, na chumba alichokiziba kwa bidii ili sauti isitoke sasa hakiingizi hewa. Hapo hurudi dukani kwa haraka akiwa na fedha kidogo, na mlaji wa namna hiyo ndiye anayeuziwa bidhaa duni kwa urahisi.

Katika makala hii hatuzungumzii vyombo vya sauti. Tunaeleza vifaa vinavyovizunguka: namna ya kuvichagua, mambo ya kukagua kabla ya kulipa, na haki alizonazo mnunuzi. Tumevipanga kwa uzito wa madhara yake. Tunaanza na vile ambavyo ubovu wake unaweza kugharimu maisha, kisha vinavyolinda mali, na mwisho vile vya starehe.

1. Vifaa vya ukutani na hatari ya moto

Wengi hubandika ukutani sponji ya magodoro au trei za mayai wakiamini kwamba zitazuia sauti isitoke nje. Imani hiyo si sahihi. Sauti huzuiwa na kitu kizito, kama vile ukuta wa matofali na mlango mnene uliofungwa vizuri. Trei za karatasi hupunguza kidogo tu mwangwi wa sauti nyembamba, na karatasi kavu hushika moto upesi.

Sponji ya kawaida ya poliyurethani ni hatari zaidi. Ikiwaka, moto husambaa kwa kasi na moshi wake hubeba gesi za sumu, zikiwamo kaboni monoksidi na sianidi. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa muziki wa The Station, West Warwick, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani na watu 100 wakapoteza maisha. Tarehe 27 Januari 2013, katika ukumbi wa Kiss mjini Santa Maria, Brazil, watu 242 walifariki katika moto ulioanza kwa namna kama hiyo. Kumbi hizo zilikuwa kubwa kuliko studio ya nyumbani, lakini studio ya nyumbani mara nyingi ina mlango mmoja, na dirisha lake limezibwa.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

- Muuzaji akisema sponji yake haishiki moto, mwombe hati au lebo ya mtengenezaji inayothibitisha hivyo. Isipokuwapo, ihesabu kuwa ni sponji inayoungua na usiibandike.
- Pamba ya mawe iliyowekwa ndani ya fremu za mbao na kufunikwa kitambaa hunyonya mwangwi vizuri kuliko sponji nyembamba, na pamba yenyewe haiungui. Anayeikata avae glavu na barakoa.
- Mapazia mazito na mazulia yanafaa, mradi yawe mbali na taa zinazopata joto.
- Usizibe dirisha kwa misumari. Tumia kizibo kinachoweza kuondolewa kwa mkono mtu akiwa ndani.

Mtungi wa kuzimia moto ni wa lazima. Mtungi wa unga huzima moto wa umeme, lakini unga wake huharibu vifaa. Mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi hauachi uchafu, ingawa katika chumba kidogo gesi hiyo husukuma hewa safi, hivyo mtu atoke mara baada ya kuutumia. Unaponunua, hakikisha pini na lakiri vipo na kadi ya ukaguzi ina tarehe. Kwenye mtungi wa unga, mshale wa kipimo uwe katika eneo la kijani. Mtungi wa kaboni dioksidi hauna mshale huo. Ujazo wake hujulikana kwa kuupima uzito na kulinganisha na uzito ulioandikwa juu yake. Utundike karibu na mlango, si nyuma ya meza. Moto ukishindikana, toka, kisha piga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

2. Vifaa vya umeme

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni volti 230. Plagi ya kawaida ya pini tatu bapa ina fyuzi isiyozidi ampea 13, yaani hubeba takribani wati 3,000 kwa jumla. Kompyuta, skrini na spika za studio ndogo hutumia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Hatari huanza pale birika la umeme la wati 2,000 na kiyoyozi vinapochomekwa kwenye ekstensheni ileile.

Kabla ya kununua ekstensheni, soma maandishi yaliyochapwa kwenye waya wenyewe. Inayouzwa kuwa ya ampea 13 iwe na nyuzi tatu, kila moja isiyopungua milimita za mraba 1.25. Ikiwa waya una nyuzi mbili tu, pini ya tatu ni pambo, nayo haimlindi mtu anayeshika gitaa kwa mkono mmoja na maikrofoni ya chuma kwa mkono mwingine. Ekstensheni nyepesi isivyo kawaida, isiyo na jina la mtengenezaji wala alama ya ubora ya TBS, isinunuliwe hata ikiwa bei yake inavutia. Usiitumie ikiwa imeviringishwa, kwa kuwa joto hukosa pa kutokea. Kiyoyozi kiwekewe njia yake ya umeme na fundi mwenye leseni.

Walaji wengi huchanganya stabilaiza na UPS. Stabilaiza husawazisha volti zinapopanda au kushuka, lakini umeme ukikatika nayo huzima. UPS ina betri, hivyo humpa fundi muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la UPS ni ya VA, nayo si wati. UPS ya VA 600 mara nyingi hubeba wati 360 au pungufu. Uliza wati, kisha uliza ukubwa wa betri. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7 ina nishati ya wati-saa 84 kwenye karatasi, na sehemu yake hupotea njiani. Kwa mzigo wa wati 150, tarajia takribani robo saa. Muuzaji anayekuahidi saa tatu kwa betri hiyo anakupotosha.

Wenye jenereta waiweke nje, mbali na madirisha na milango. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini au kazini bila wao kutambua.

3. Hewa, joto na unyevu

Mtu aliyetulia hutoa joto la takribani wati 100. Waimbaji wanne pamoja na vifaa vya wati 400 ni sawa na kuwasha pasi ndogo ndani ya chumba kilichozibwa. Joto hilo huchosha sauti na kuharibu subira ya kila mtu.

Kiyoyozi ni msaada mkubwa, lakini mlaji ajue kwamba viyoyozi vingi vya ukutani huzungusha hewa iliyomo chumbani na haviingizi hewa mpya. Watu wakikaa humo muda mrefu, kichwa huuma na usingizi huwajia hata kama chumba ni baridi. Fungueni mlango kila baada ya kurekodi wimbo, au fungeni feni ya kutolea hewa inayowashwa wakati wa mapumziko.

Kiyoyozi cha BTU 9,000 hutoa ubaridi wa takribani kilowati 2.6, na hutosha chumba kidogo ambacho paa lake halipigwi na jua moja kwa moja. Muulize muuzaji mambo mawili: wati kinachotumia, na kiwango cha kelele cha sehemu ya ndani, ambacho huandikwa kwa desibeli katika kitabu cha maelekezo. Kiyoyozi cha wati 900 kikifanya kazi bila kupumzika kwa saa 8 hutumia uniti 7.2 za LUKU. Cha aina ya inveta hupunguza kasi chumba kikishapoa, hivyo huwa na kelele kidogo na hutumia umeme kidogo. Mlaji mwenye fedha chache anaweza kuanza na pangaboi lililofungwa imara, akalizima wakati wa kurekodi.

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, unyevu ni adui wa kudumu. Gitaa na udi hupinda, ngozi za ngoma hulegea, na kanuni ya taarab, ambayo daraja la nyuzi zake hukaa juu ya ngozi, hupoteza sauti yake. Kipima unyevu ni kifaa kidogo cha bei nafuu. Vyombo vya mbao hupendelea unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Mashine ya kupunguza unyevu ina kelele, kwa hiyo iwashwe wakati hakuna anayerekodi. Chombo kikiwa ndani ya kasha lake, pakiti za chembechembe za silika zinatosha, mradi zibadilishwe au zikaushwe mara kwa mara.

4. Kiti, mwanga na starehe ya mwili

Fundi wa studio hukaa muda mrefu kuliko dereva wa basi. Kiti kikaliwe dukani kwa dakika kumi bila haya. Nyayo ziguse sakafu, magoti yapinde kwa pembe ya mraba, na mgongo wa chini upate egemeo. Kitako kiwe na miguu mitano ili kisipinduke. Kisha jinyonge kushoto na kulia huku ukisikiliza. Kiti kinacholia dukani kitalia zaidi kwenye wimbo. Kwa mwimbaji, kiti kirefu kisicho na magurudumu kinafaa zaidi.

Kwa mwanga, balbu ya LED ya wati 9 hutoa nuru inayokaribia ya balbu ya zamani ya wati 60, bila joto lake. Rangi ya mwanga wa jioni, yaani kelvini 2,700 hadi 3,000, huwatuliza waimbaji. Swichi za kufifisha mwanga zinunuliwe kwa uangalifu, kwa kuwa za bei ya chini huleta mvumo unaoingia kwenye kurekodi.

Vitu vingine ni vidogo lakini huokoa muda: stendi ya kuwekea maneno ya wimbo, penseli, mikanda ya kunata ya kufungia nyaya, utepe wa kuandikia majina ya nyaya, chupa za maji zenye vifuniko, tochi, na kisanduku cha huduma ya kwanza. Kwa kuwa mlango na dirisha vitafunguliwa mara kwa mara, wavu wa mbu ni bora kuliko dawa ya kuchoma, ambayo hutoa moshi na ni moto wa wazi katika chumba chenye vitambaa vingi.

5. Haki zako dukani

Kila unaponunua, dai risiti ya EFD. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha ulinunua wapi na lini. Dhamana iandikwe, igongwe muhuri, na ionyeshe namba ya kifaa. Kifaa cha umeme kijaribiwe mbele yako. Zulia na kitambaa cha pazia vipimwe mbele yako pia, urefu na upana.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora, sifa au asili ya bidhaa. Kifaa kikiwa kibovu au si kile ulichoelezwa, acha kukitumia, usikifungue mwenyewe, kisha umwandikie muuzaji ukiambatisha nakala ya risiti. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Suala la viwango hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, na la vipimo Wakala wa Vipimo.

6. Fedha zikiwa chache

Hatutarajii kila mlaji anunue vyote kwa siku moja. Aanze na mtungi wa kuzimia moto, ekstensheni salama na njia ya hewa. Baada ya hapo UPS, kisha kiti, kisha kiyoyozi na vilivyobaki. Na yule ambaye hana studio bali anakwenda kukodi, kwa mfano kwaya inayorekodi nyimbo zake, ana haki ya kuangalia mambo hayohayo kabla ya kulipa malipo ya awali: mtungi uko wapi, dirisha linafunguka, na nyaya ziko katika hali gani. Mwenye studio anayejali wateja wake ataonyesha yote bila kukasirika.