Kabla Hujasaini: Sanduku Lililotobolewa na Mabawa ya Ndege Yetu

Sisi tuliolelewa kwa adabu za nyumbani tuna udhaifu mmoja huku ughaibuni. Mtu mwenye sare akitunyooshea kalamu, tunasaini. Hatutaki kuonekana wakorofi, hatutaki kumchelewesha mtu kazini kwake, na karatasi yenyewe imejaa maandishi madogo. Ndiyo maana nimeona niwaandikie kuhusu sanduku la mbao lililofika nyumbani kwetu likiwa limetobolewa, na jinsi mistari minne ya kalamu ilivyookoa fedha tulizozichanga kwa miaka miwili.

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na mabawa ya ndege. Msicheke. Mimi ni muuguzi, nilisoma stashahada nyumbani Tanzania na shahada huku Marekani, na ndege naipanda kama abiria tu. Mwenye ndoto ni mume wangu. Yeye ni dereva wa malori ya masafa marefu hapa Texas, na alikulia Boma Ng'ombe, ambako ndege zinazotua uwanja wa Kilimanjaro alizihesabu akichunga mbuzi. Alipopata leseni ya urubani aliniambia kwamba kununua ndege hatuwezi, ila kuijenga polepole tunaweza.

Ndege inayokuja kwa masanduku

Marekani inaruhusu mtu wa kawaida kujenga ndege yake mwenyewe kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha. Sharti kubwa la mamlaka ya anga, FAA, ni kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya kuitengeneza na kuiunganisha ifanywe na wajenzi wasiolipwa. Kiwanda kinakuuzia vipande vilivyokatwa na kutobolewa, wewe unavisafisha, unaviunganisha na kupiga ribiti maelfu kwa maelfu. Ukimaliza, mkaguzi anakuja, na saa za kwanza za majaribio huruhusiwi kupakia abiria wa kutembea.

Vipande huuzwa kwa awamu: mkia kwanza, kisha mabawa, kisha kiwiliwili, mwisho injini na vikorokoro vyake. Mpango huo unatufaa watu wa mshahara. Mkia tuliumaliza kwenye gereji mwaka mmoja. Mabawa yalitugharimu zaidi ya dola 10,000, na sehemu kubwa ilitoka kwenye zamu zangu za ziada za usiku.

Mzigo wa namna hiyo hauji na gari la vifurushi. Unapakiwa kwenye lori linalochanganya mizigo ya watu wengi, unashushwa na kupandishwa kwenye maghala mawili matatu njiani, na kila kituo kuna foklifti. Sanduku refu la mbao, jepesi kuliko linavyoonekana, lililojaa mabati ya alumini yenye unene usiofika milimita moja: mnaweza kuona wenyewe hatari iko wapi.

Kalamu iko mkononi mwako

Lilipofika, Baba Imani alikuwa barabarani, mbali na nyumbani. Nilikuwa nimetoka zamu. Dereva alilishusha, akanipa karatasi, akatazama saa yake. Nilimpigia mume wangu simu, naye akasema maneno ambayo nimeyaweka kichwani: "Mama Imani, usisaini kwanza. Lizunguke lote. Huyo ana haraka, namwelewa, hata mimi huwa nayo. Lakini wino ni wako."

Nililizunguka. Upande wa kushoto kulikuwa na tundu, ubao umepasukia ndani, umbo la uma wa foklifti. Kona moja ya chini ilikuwa imepondeka. Stika inayobadilika rangi mzigo ukilazwa vibaya ilikuwa nyekundu.

Dereva akaniambia, kwa upole kabisa, niandike tu kwamba nimepokea na nitakagua baadaye. Wasomaji, maneno hayo hayana nguvu. Kampuni za usafirishaji huyahesabu kama hukuandika kitu, kwa sababu hayasemi ni uharibifu gani ulioonekana mlangoni. Niliandika kama ninavyoandika kwenye faili la mgonjwa: tundu upande wa kushoto, ukubwa wake, umbali wake kutoka mwisho wa sanduku, kona iliyopondeka, stika nyekundu, saa na tarehe. Nikamwomba dereva naye asaini chini ya maelezo yale, nikapiga picha karatasi yenyewe kabla hajaondoka nayo.

Je, ningeweza kulikataa sanduku lote? Ndiyo, na yapo mazingira ya kufanya hivyo, kwa mfano mzigo ukiwa umeharibika kiasi kwamba hakuna cha kuokoa. Lakini mzigo uliokataliwa hurudi ghalani, unaweza kuanza kutozwa gharama za kuhifadhiwa, na unaguswa tena na foklifti zilezile. Halafu kuna jambo la umiliki. Mara nyingi mkataba wa mauzo unasema mali ni ya mnunuzi tangu inapotoka kiwandani. Hapo mwenye kudai fidia ni wewe, na sheria inakutaka upunguze hasara, usiiongeze.

Kidonda hupimwa kabla ya kufungwa

Katika uuguzi tunafundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Kidonda tunakipima urefu, upana na kina, tunasema kiko wapi mwilini, tunapiga picha na rula pembeni. Nilifanya vivyo hivyo gerejini. Kila tabaka la vifungashio nililipiga picha kabla ya kuliondoa. Mbao zilizovunjika, maboksi, hata karatasi za kujazia, sikutupa kitu, kwa sababu kampuni ya usafirishaji ina haki ya kuja kukagua, na mtu akitupa vifungashio ametupa ushahidi.

Baba Imani aliporudi siku ya tatu tulihesabu kila kipande kwa orodha ya kiwanda. Tulikuta matatizo matatu. Ubavu mmoja wa bawa ulikuwa umepinda ukingo. Bati moja la juu lilikuwa na mkunjo mkali karibu na mstari wa matundu ya ribiti. Na kwenye boriti kuu, ule mhimili unaobeba uzito wa bawa lote, kulikuwa na mchubuko mfupi ulioingia ndani ya metali. Ukipitisha ukucha, unakwama.

Mambo haya mawili ya mwisho hayakuonekana mlangoni. Huo unaitwa uharibifu uliofichika, na kwa malori ya aina ile kanuni ya kawaida ni kuutolea taarifa ndani ya siku 5 za kazi. Ukipita muda huo, mzigo wa kuthibitisha kwamba hukuuharibu wewe unakuwa mzito zaidi. Tulituma taarifa kwa maandishi jioni ileile.

Kinachonyooshwa na kisichonyooshwa

Sasa likaja jaribu. Rafiki mmoja mwenye gereji ya magari alitazama akasema, "Hili la kunyoosha tu, shemeji. Piga msasa, paka rangi, nani ataona?" Fedha zilikuwa zimekwisha. Mume wangu alinyamaza muda mrefu, na ukimya ule niliuogopa kuliko tundu la sanduku.

Nilimwambia kwamba binti yetu atakaa chini ya bawa hilo. Hatuamui sisi, wala rafiki yetu. Waamue wenye kujua.

Tuliwatumia picha mafundi wa kiwandani. Pia tulimwita mshauri wa ufundi kutoka EAA, chama cha wajenzi wa ndege kilichoanzishwa na Paul Poberezny mwaka 1953, ambacho makao yake yako Oshkosh, Wisconsin. Chama hicho kina wajenzi wazoefu wanaojitolea kuja kutazama kazi za wanachama bila malipo.

Majibu yalilingana. Ubavu unyooshwe, kwani kingo za mbavu hunyooshwa hata zikitoka kiwandani salama. Bati libadilishwe, kwa sababu alumini ikikunjwa kwa ukali na kurudishwa, pale kwenye mkunjo inakuwa imedhoofika hata ikionekana laini. Tena mabati mengi ya ndege yana utando mwembamba wa alumini safi unaozuia kutu, msasa unauondoa.

Boriti nayo ibadilishwe. Mshauri alitueleza sababu, nami nitawaeleza kwa mfano wa nyumbani. Pakiti ya karanga isiyo na mkato unaivuta mpaka unatumia meno. Yenye mkato mdogo ukingoni inachanika kwa vidole viwili. Nguvu zote hukusanyika kwenye ule mkato. Bawa linapinda kidogo kila safari, likipigwa na upepo, likitua. Mchubuko kwenye boriti ndio ule mkato wa pakiti: ufa unaweza kuanzia hapo na kukua taratibu, miaka ikapita bila mtu kujua.

Barua na tarakimu

Mizigo inayovuka majimbo ya Marekani kwa lori inaongozwa na sheria iitwayo Carmack, ya tangu 1906. Mdai anatakiwa kuonyesha mambo matatu: mzigo ulikabidhiwa ukiwa mzima, ulifika umeharibika, na hasara ni kiasi gani. Muda wa kuwasilisha madai hauwezi kuwekwa chini ya miezi 9. Kampuni ikipokea madai ina siku 30 za kukiri kuyapokea na siku 120 za kulipa, kukataa, au kutoa pendekezo. Ila kampuni inaweza kuweka kikomo cha malipo kwa uzito wa mzigo, na ndege ni nyepesi! Kwa hiyo soma kikomo hicho na uulize bei ya bima ya nyongeza kabla mzigo haujaondoka, maana baadaye hainunuliki. Sisi tulikuwa tumelipia thamani kamili.

Barua ya kwanza ilikubali bati na kukataa boriti. Walisema mchubuko haukuandikwa siku ya makabidhiano. Hapo ndipo kile kipimo cha mlangoni kilipofanya kazi. Kwenye karatasi iliyosainiwa na dereva wao, tundu lilikuwa sentimita 140 kutoka mwisho wa sanduku. Tuliweka boriti jinsi ilivyokuwa imelala, tukanyoosha futi, tukapiga picha: mchubuko ulikuwa palepale, sentimita 140. Tuliambatisha picha zote mbili, bei ya boriti mpya na maelezo ya kiwanda. Hatukutukana, hatukutishia mahakama. Baada ya wiki kadhaa hundi ya bati na boriti ilifika. Nauli ya kuleta boriti mpya walikataa, tukailipa wenyewe.

Na pipa lako je?

Najua wengi wenu hamjengi ndege. Lakini mnatuma mapipa na makontena Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar, mnatuma mashine za kushonea, friji na vifaa vya zahanati. Kanuni zinafanana, tarakimu ndizo zinazobadilika.

Mzigo wa ndege wa kimataifa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999: ukifika umeharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kuupokea, begi lako la safari ni siku 7. Mzigo wa meli: uharibifu unaoonekana utolewe taarifa papo hapo, usioonekana ndani ya siku 3, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1. Kwa shehena za baharini zinazotoka au kuingia Marekani kuna sheria ya 1936 inayoweka kikomo cha dola 500 kwa kila kifurushi, isipokuwa thamani iwe imetangazwa na kuandikwa kwenye hati ya shehena. Kwa hiyo orodhesha kila pipa peke yake. Kontena lililoandikwa kama mzigo mmoja linaweza kukugeuka.

Kumbuka pia kwamba anayepokea kule si wewe. Ni mjomba, ni dada, ni binamu aliyeamka alfajiri kwenda bandarini. Mpigie kabla. Mwambie alizunguke pipa, apige picha kifuniko na lakiri, aandike anachokiona kwa maneno kamili, kisha ndipo asaini. Akiambiwa foleni ni ndefu, aseme samahani na aendelee kuandika. Kumheshimu mtu na kusoma karatasi yake havigombani hata kidogo.

Bati lile lenye mkunjo hatukulitupa. Baba Imani alilikata vipande, na Imani, mwenye miaka 11, anajifunzia kupiga ribiti. Za kwanza zilipinda zote. Siku hizi anazikagua mwenyewe kwa kipimo, na isiyofaa anaizungushia duara kwa kalamu nyekundu kabla baba yake hajaiona.