Je, Wajua? Vinundu vya mkaratusi havioti ovyo

Je, wajua kwamba vile vinundu kwenye majani ya mkaratusi ni makazi ya wadudu? Wewe mwenye mkaratusi uani, chuma jani changa, pitisha kidole kwenye mshipa wa kati. Ukigusa kinundu, humo mna buu wa nyigu. Ukiona katundu ka duara, mwenyewe keshatoka.

Je, wajua kwamba nyigu huyo ni mgeni? Anaitwa Leptocybe invasa, asili yake Australia, na hafiki hata milimita 2. Mwaka 2000 alionekana Israel, 2002 akawa Kenya na Uganda, 2005 akabisha hodi Tanzania. Wanasayansi walimpa jina mwaka 2004, maana yake majirani zetu walivamiwa na mdudu ambaye hajabatizwa.

Je, wajua kwamba jike hahitaji dume ili azae? Mmoja tu anatosha kuanzisha ukoo.

Je, wajua kwamba hatagi popote? Buu hawezi kuhama, kwa hiyo mama akikosea mahali, mtoto ndiye anayeumia. Ndiyo maana jike hutafuta sehemu laini zinazokua kwa kasi: mshipa wa kati wa jani changa, kikonyo chake, kijiti kichanga. Majani yaliyokomaa huyaacha. Sasa fikiria unapokata mirunda. Kisiki hakifi, huchipua upya, na machipukizi yale manene, mateke, ndiyo hasa anayoyataka. Hapo utakuta majani yamejikunja kwa vinundu huku mti mkubwa wa jirani ukionekana mzima. Miche ya kitaluni nayo haisalimiki. Aliyepanda mikaratusi ili aivune kwa kukata na kuchipuza tena, kwa maoni yangu, ndiye mwenye sababu kubwa ya kumwogopa.

Je, wajua kwamba hupenda joto? Nchini Uganda, maeneo ya chini yenye joto yaliathirika kuliko nyanda za juu zenye baridi.

Je, wajua kwamba kuna vidukari, nao waishio ndani ya vinundu, wanaopigania jani? Huko Utah, Marekani, Thomas Whitham aliwaona majike wakisukumana na kupigana mateke kugombea shina la jani kubwa, ugomvi unaoweza kuendelea hadi siku 2. Anayeshindwa husogea kuelekea nchani, na huko huzaa watoto wachache.

Je, wajua kwamba hata kuyu ni mji wa nyigu? Jike huingia kwa kujipenyeza hadi mabawa yanakatika. Maua ya humo ndani yenye shingo fupi huyafikia na kuyatagia. Yenye shingo ndefu humshinda, na hayo ndiyo huzaa mbegu. Mti na mdudu wamegawana bila kikao.

Na zile nundu za mgunga wa Serengeti, zinazopiga mluzi upepo ukivuma? Hizo mti huziotesha wenyewe. Sisimizi huja baadaye, wakatoboa mlango.