Guta likisita ukivuta mafuta, usikimbilie kununua kabureta mpya

MSIMU wa pamba unapofunguliwa mwezi Mei, maguta ya injini husomba mizigo kutwa katika barabara za vumbi za Songwa, wilayani Kishapu. Ndipo kasoro moja hujitokeza: dereva anavuta mafuta, injini inanyamaza kidogo kana kwamba inataka kuzima, kisha inaitika kwa kishindo.

Shambani kasoro hiyo inaudhi tu. Guta lenye mzigo likisita wakati linaingia barabara kuu ya Shinyanga–Mwanza, huku lori linakuja, ni suala la uhai.

Ushauri unaotolewa haraka kijiweni ni kubadili kabureta. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu chanzo ni uchafu ambao ungeondolewa kwa nusu saa.

Mkono wa mafuta unapovutwa ghafla, hewa huingia kwenye injini haraka kuliko petroli, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwa muda mfupi injini huwa na njaa ya mafuta. Jeti ndogo ndiyo inayosaidia kuvuka muda huo, nayo tundu lake ni jembamba mno. Chembe moja ya vumbi la mbuga yatosha kuliziba.

Kabla ya kufungua chochote, pasha injini moto, vuta choki nusu, kisha vuta mafuta. Kusita kukipungua, petroli haitoshi. Kukizidi na moshi ukawa mweusi, petroli imezidi, na mtuhumiwa wa kwanza ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Plagi nayo hutoa ushahidi: nyeupe ni njaa ya mafuta, nyeusi yenye masizi ni mafuta mengi, ya kahawia imeshiba sawasawa.

Petroli ikiwa haitoshi, anzia kwenye tangi. Fungua kifuniko chake. Injini ikichangamka, tundu la kupitisha hewa la kifuniko limeziba. Kisha kagua manifoldi inayounganisha kabureta na injini. Mpira wake ukipasuka hupitisha hewa ya wizi. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio injini ikinguruma. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Wapo wanaonyunyiza petroli badala ya maji. Huo ni mchezo wa kuunguza guta na fundi wake.

Maungio yakiwa salama, sasa fungua kabureta. Acha injini ipoe, funga bomba la mafuta, na sigara iwe mbali. Toa bakuli la chini, fungua jeti, ioshe kwa petroli safi na ipulize kwa pampu. Itazame kwenye mwanga: lazima uone duara kamili. Usichokonoe kwa sindano wala waya wa chuma. Jeti ni shaba nyeupe, ni laini, na tundu likipanuka halirudi. Ikibidi, tumia unyuzi mmoja wa shaba wa waya wa umeme.

Kupanua jeti makusudi ili "guta lipate nguvu" ni kosa jingine. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo injini huhitaji petroli pungufu kidogo, si zaidi.

Skrubu ya mchanganyiko ifungwe taratibu hadi ikome bila kukazwa, kisha ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Kutoka hapo sikiliza injini. Skrubu ikiwa upande wa chujio, kuifungua huongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, huongeza petroli. Wanaochanganya mambo haya mawili huhangaika siku nzima.

Mafuta yenyewe nayo yaangaliwe. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa uliwaumiza wengi hadi EWURA ilipoanza kuweka vinasaba mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Lakini vinasaba havizuii maji wala mchanga kuingia kwenye chupa ya petroli inayouzwa kando ya barabara. Anayelazimika kununua ya chupa aichuje kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, na kilichotuama chini akiache.

Jeti ikiwa safi, maungio yakiwa mazima na guta bado linasita, kagua sindano ya kabureta. Huwa na mikato kadhaa juu. Kushusha kibanio mkato mmoja huinua sindano na kuongeza petroli katikati ya mvuto. Fanya mkato mmoja tu, kisha jaribu na mzigo.

Msimu ukiisha na guta likiegeshwa kwa wiki nyingi, legeza skrubu ya chini ya bakuli na mwaga petroli iliyobaki. Ikikaukia humo huacha utando unaonata, na ndio utakaoziba jeti pamba ya mwaka mwingine itakapoanza kuvunwa.