Udongo Mwekundu na Rangi ya Motokaa

Mtu afikaye Kianjokoma wakati wa mvua, huko juu ya Embu ambako mashamba ya chai yanapakana na msitu wa Mlima Kenya, ataona kwamba motokaa nyeupe, nyeusi na za buluu zote zimekuwa za rangi moja. Udongo wa miteremko ile umetokana na mawe ya volkano. Ni mwekundu, laini, na ukilowa hushika bati kama gundi. Mvua hunyesha kuanzia Machi hata Mei, na tena kuanzia Oktoba hata Desemba. Baina ya misimu hiyo matope hugeuka kuwa vumbi. Kwa hiyo mwenye gari hana budi kuliosha mara kwa mara, na ajabu ni kwamba magari mengi huharibiwa na huko kuoshwa kuliko matope yenyewe.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Rangi yote ya gari la siku hizi, tangu ile iliyoshika chuma hata ile ya juu, ina unene upatao sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani kama karatasi ya daftari. Tabaka la juu kabisa halina rangi. Kazi yake ni kung'aa na kuikinga rangi iliyo chini yake na jua na maji. Sasa, ndani ya vumbi mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko tabaka hilo. Mtu achukuaye kitambaa kikavu asubuhi akapangusa gari lake lipate kupendeza, kwa kweli analipiga msasa. Baada ya miezi michache mikwaruzo midogo huonekana juani kama utando wa buibui, na mng'ao hupotea usirudi.

Wazee wa Embu watazikumbuka Land Rover za maofisa wa zamani. Gari hilo lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na mabati yake mengi yakafanywa ya alumini, ambayo haipati kutu nyekundu. Likikwaruzwa lilikwaruzwa tu. Magari ya leo aghalabu ni ya chuma chembamba, hayana msamaha huo. Tena mengi hufika Kenya kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, kwa kuwa kanuni za nchi huruhusu gari lisilozidi umri wa miaka 8 kuingizwa. Mkulima aliyetoa bonasi yake ya chai, au aliyekopa kwa chama cha ushirika, amenunua rangi iliyokwisha kuzeeka kidogo. Na siku atakapotaka kuuza, mnunuzi ataitazama rangi kabla ya kufungua injini.

Imefaa basi gari lioshwe kivulini, asubuhi au jioni, bati likiwa limepoa, maana juu ya bati la moto sabuni hukauka na kuacha madoa. Kwanza ni maji matupu, mengi, bila kugusa kwa mkono, mpaka matope yalainike na kuanguka yenyewe. Mtu mwenye haraka hapa ndipo anapokosea. Kisha zitumike ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, na ya pili ya maji safi ya kusuuzia sifongo kila baada ya sehemu ndogo, ili mchanga ubaki humo usirudi kwenye rangi. Kazi ianze juu ya paa na kuishia chini, ambako uchafu ni mwingi. Sifongo kikianguka chini kisitumike tena mpaka kisuuzwe sana. Sabuni ya unga ya kufulia nguo haifai, kwa maana ni kali na huondoa nta. Shampuu ya magari ni bora, nayo hutumiwa kidogo tu. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani ni mazuri mno kwa kusuuzia, kwa kuwa hayana chumvi za kuacha alama nyeupe.

Gari likikauka lipakwe nta. Nta ya magari iliyo maarufu hutokana na majani ya mnazi-pori wa Brazili uitwao karnauba. Mara mbili kwa mwaka, yaani kabla ya kila msimu wa mvua, si nyingi. Maji yakimwagwa yakajikusanya kama matone juu ya umande wa jani la kiazi kikuu, nta ingalipo, yakitandaa, imekwisha. Wako wapakao mafuta ya taa ili gari ling'ae. Mng'ao huo ni wa siku moja, na mafuta yenyewe huyeyusha nta na kuharibu mipira ya milango.

Wenye pikapu wana adui mwingine: mbolea. Chumvi zake huvuta unyevu hewani na kula chuma upesi, kwa hiyo sehemu ya mizigo ioshwe siku ile ile magunia yaliposhushwa, pamoja na chini ya madigadi ambamo matope hukaa mabichi wiki nzima. Kivuli cha migrivea kandokando ya shamba nacho ni kizuri kwa dereva kuliko kwa gari, kwani ndege hupenda maua yake, na kinyesi chao kina asidi inayochimba rangi jua likiwaka. Kilainishwe kwa maji na kuondolewa siku hiyo hiyo.

Palipokwaruzwa hata chuma kikaonekana, pasafishwe kwa msasa laini, pakaushwe, pakapakwe rangi ya kwanza na kisha rangi ya gari. Namba ya rangi hiyo kwa kawaida imeandikwa kwenye kibati ndani ya boneti au ubavuni mwa mlango. Na kazi yote hii ifanyiwe nyumbani penye nyasi, si mtoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua mito, na walio chini ya Kianjokoma hunywa maji yashukayo kutoka huko huko juu.