Uhalisia Pepe na Magonjwa Adimu: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kulipia

Ugonjwa huitwa adimu kwa uchache wa wanaougua, wala si kwa ukali wake. Umoja wa Ulaya huuhesabu kuwa adimu usipowapata zaidi ya watu 5 katika kila 10,000. Hesabu hiyo hubadilika kwa mahali: selimundu, ambayo kwetu si ngeni, ni adimu katika nchi za kaskazini mwa Ulaya. Taabu kubwa ya mgonjwa ni kumpata daktari aliyewahi kuuona ugonjwa wake. Mkazi wa Kongowe (tunakusudia ile ya Kibaha, si ile ya Mbagala) huanzia zahanati, akapewa rufaa kwenda Tumbi, kisha Muhimbili, na pengine hata huko ikahitajika rai ya mtaalamu aliye ng'ambo.

Hapo ndipo uhalisia pepe unapotajwa. Ni teknolojia ya miwani yenye skrini mbele ya macho, ambayo humfanya aivaaye ajione yuko mahali pengine. Nchini Ghana, Hospitali ya Korle Bu ya Accra imeshirikiana na wapasuaji wa Glasgow, Uskoti, kujaribu mfumo wa jamii hiyo: mgonjwa huketi mbele ya kamera kadhaa, na daktari aliye mbali huitazama sura yake nzima kutoka kila upande.

Angalia kwamba anayehitaji kuona ni daktari. Magonjwa mengi adimu ni ya kurithi na huanza utotoni, ilhali watengenezaji wa miwani hiyo huweka umri wa chini wa kuitumia, na huwatahadharisha wenye kifafa. Tena miwani hufunika uso, na uso ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo daktari wa magonjwa ya kurithi huyachunguza. Kwa hiyo mtoa huduma akitaka kumvika mtoto wako miwani ili "aonwe na daktari", mtake aeleze sababu kabla hujatoa fedha.

Picha, iwe safi kiasi gani, haipapasi tumbo wala haitoi damu. Magonjwa mengi ya aina hii huthibitishwa kwa kipimo cha vinasaba, na sampuli lazima ichukuliwe mgonjwa alipo. Tunashauri daktari wako wa hapa awepo katika mazungumzo, na rai ya mtaalamu iandikwe na kuingizwa katika faili lako. Mara nyingi simu ya video ya kawaida, pamoja na majibu ya vipimo yaliyotumwa mapema, hutosha. Usitozwe zaidi kwa ajili ya miwani tu. Uliza jina kamili la daktari na mahali aliposajiliwa. Kwa Tanzania Bara, usajili huo uko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kisha dai risiti.

Picha za mwili na majibu ya vinasaba ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwa kawaida hazishughulikiwi bila ridhaa yako ya maandishi. Kabla ya kutia saini, uliza zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani mwingine ataziona. Mgonjwa akiwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye atoaye ridhaa. Zikitumiwa kinyume cha ulivyokubali, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.