Asiye na bando naye yumo mtandaoni

Mama mmoja wa Nkuhungu, jijini Dodoma, anapokea bili ya maji kwa ujumbe mfupi. Hana bando wala simu ya kupangusa. Ana kitochi ambacho betri yake haichoki upesi, na hicho kinamtosha. Anasoma kiasi anachodaiwa na mamlaka ya maji ya Dodoma, DUWASA, kisha kumbukumbu namba ya malipo, ile yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Anabonyeza nyota, namba, mpaka alama ya reli, anafuata menyu, anaingiza namba ya siri, na pesa inaondoka. Muda si mrefu risiti inaingia. Ukimuuliza kama anatumia intaneti, atakujibu hapana, hayo ni mambo ya watoto.

Lakini ameitumia. Alichobonyeza kwenye kitochi hakikupita kwenye data. Kilipita kwenye njia nyembamba ya mawimbi ambayo simu na mnara huitumia kuitana na kupangiana kazi, ndiyo maana hakikuhitaji bando. Kuanzia pale kampuni ya simu ilipopokea ombi lake, kazi yote ikawa ya kompyuta kuongea na kompyuta. Mfumo wa kampuni uliuliza mfumo wa malipo wa Serikali, unaofahamika kwa kifupi kama GePG na ulioanza kazi 2017: namba hii ipo? Ni ya nani? Anadaiwa kiasi gani? Jibu likarudi, benki ikapata taarifa, hesabu za mamlaka ya maji zikabadilika, risiti ikatoka. Yote hayo yalikwisha kabla mama hajairudisha simu kwenye pindo la kanga.

Mwishoni mwa 2024, takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zilionyesha laini takribani milioni 48 zinazotumia intaneti nchini. Namba hiyo inahesabu laini, na Mtanzania mmoja anaweza kuwa na mbili au tatu mfukoni. Pia haimhesabu mama wa Nkuhungu, ingawa maji yake, umeme wake, ada za wanawe na pesa anayotumiwa kutoka Dar es Salaam vyote vinapita humohumo. Mimi naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko idadi ya simu janja. Mtandao ukikata, naye anakwama, na hakuna aliyemwambia kwamba yumo.

Hebu tuifuate njia yenyewe. Dodoma iko mbali na bahari. Kabla ya 2009 sehemu kubwa ya mawasiliano ya data kati ya Tanzania na dunia ilitegemea setilaiti zilizo juu karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Kupanda na kushuka tu kulichukua robo ya sekunde, na jibu kurudi robo nyingine, kwa bei ambayo ofisi chache ziliimudu. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja EASSy. Kipindi hichohicho Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ukapanda nyanda za juu za kati kupitia Dodoma na Singida. Ndani ya nyaya hizo kuna uzi wa kioo unaopitisha mwanga, na mwanga ndani ya kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, kilomita kama 450, ni sehemu mbili au tatu kati ya elfu za sekunde moja. Umbali wa Dodoma na bahari, kwa hesabu hiyo, umefutika.

Kinachobaki kuwa tatizo ni mzunguko. Ofisi mbili zinazotazamana hapa Dodoma zinaweza kutumiana waraka ukaenda Ulaya na kurudi, kwa sababu tu kompyuta inayohifadhi barua pepe zao iko huko. Dawa ya hilo inajulikana: vituo vya kubadilishana mawasiliano ya ndani, ambako kampuni za mtandao hukutana na kupeana mizigo bila kuivusha mipaka. Dar es Salaam kuna kituo, Arusha kuna kituo, na Dodoma pia kipo. Faida yake huonekana siku ya dhiki. Jumapili ya 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Huduma ambayo kompyuta zake ziko hapa nchini haina sababu ya kufa kwa sababu waya umekatika huko mbali.

Kisha ikaja 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Safari hiyo nyaya zilikuwa nzima. Wakala wa pesa, mwenye pikipiki anayepata wateja kwa simu, mwanafunzi aliyekuwa akiomba chuo nje, wote walisimama. Fundi anayesanifu mfumo wa hospitali au wa malipo hana budi kuziweka mezani sababu zote mbili za kukatika, ya bahari na ya amri, kwa kuwa mgonjwa hazitofautishi.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji waitazame upya mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Tumeizoea mno hata hatuoni ulivyo mzuri ubunifu uliomo ndani yake. Mita nyingi za LUKU majumbani hazina laini ya simu wala waya wa mawasiliano kwenda kwa shirika la umeme, TANESCO. Hazijui nani amelipa. Zinachojua ni ufunguo wa siri, kila mita na wake. Ukinunua umeme, kompyuta ya muuzaji huchukua idadi ya uniti zako, ikaweka na alama ya muda, ikavifunga pamoja kwa ufunguo wa mita yako, na kukupa matokeo yake kama tarakimu 20. Unaweza kuziandika kwenye kiganja ukatembea nazo hadi kijijini ambako simu haishiki. Ukiziingiza, mita inazifungua, inahakiki kwamba ni zake na hazijatumika, inaongeza uniti. Tarakimu hizohizo kwa jirani hazina maana yoyote. Utaratibu huu ulizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya mitaa ambayo haikuwa na simu wala akaunti za benki, na leo unatumika katika nchi nyingi duniani.

Ile alama ya muda nayo ina hadithi yake. Ilikuwa hesabu ya dakika zilizopita tangu mwanzo wa 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32. Nafasi ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu mwaka huo TANESCO iliwataka wateja waingize namba za ziada kabla ya zile za umeme: mita ilikuwa inapewa ufunguo mpya, na hesabu ya muda ikaanza upya. Kazi hiyo ilifanyika bila fundi kugonga hodi nyumba kwa nyumba. Mama wa Nkuhungu aliiboresha mita yake mwenyewe, kwa vidole vyake.

Linganisha na Mei 2021, mfumo wa kuuza LUKU ulipopata hitilafu kwa siku kadhaa na watu wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO. Upande wa mauzo ulikuwa umesimama, lakini aliyekuwa na uniti kwenye mita aliendelea kuwasha taa. Hitilafu ilimgusa mnunuzi, haikumzimia taa kila mtu.

Nasisitiza mfano huu kwa sababu mifumo tunayojengewa sasa inakwenda kinyume chake. Mingi inadai mtandao uwepo kila sekunde. Zahanati ikishindwa kuufikia mfumo, faili la mgonjwa halifunguki. Lango likishindwa kusoma tiketi, abiria halali anasimamishwa pamoja na asiye halali. Si lazima iwe hivyo. Kompyuta ya zahanati ya Mpwapwa inaweza kuhifadhi kumbukumbu hapohapo na kuzituma mawasiliano yakirudi. Kadi ya bima inaweza kubeba uthibitisho wake ndani yake, ukahakikiwa bila kuuliza makao makuu. Elimu hii haihitaji mtambo mpya. Inahitaji mnunuzi wa mfumo kuidai.

Upande wa wakulima mambo yamechangamka zaidi. Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, limekuwa likiendesha minada ya kielektroniki ya mazao kama ufuta, dengu na mbaazi, yakiwa yamehifadhiwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na mikoa ya kati imo. Mnunuzi aliye mbali huingiza bei yake kwenye mfumo, na bei zinafunguliwa mbele ya wakulima kwenye chama chao cha msingi, nao wanakubali au wanakataa. Kwa mkulima wa Chemba aliyezoea kuambiwa bei na mtu mmoja aliyekuja na lori, kuona bei za wanunuzi kadhaa kwa mpigo ni mabadiliko ya kweli. Hata hivyo intaneti haipimi gunia. Lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, inaondolewa na mizani sahihi na msimamizi mwaminifu, na malipo yakichelewa kumfikia mkulima, atarudi kwa mwenye lori hata kama bei yake ni ndogo, kwa kuwa ada ya shule haisubiri.

Wezi nao wameujua mtandao. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umemfikia karibu kila mwenye simu Tanzania. Unafanya kazi kwa hesabu nyepesi: ukitumwa kwa maelfu bila kuchagua, lazima utamkuta mtu ambaye dakika hiyohiyo anajiandaa kumtumia mwanawe au fundi pesa. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao muda wake wa mwisho ulikuwa Januari 2020, haujawamaliza. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe. Ujumbe wa kitapeli upeleke namba 15040. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, kwa hiyo duka au saluni inayodai nakala ya kitambulisho chako bila sababu unaweza kuiuliza inaitunzaje.

Tukitazama mbele, jambo la kwanza ni minara. Mei 2023, hapahapa Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na kampuni za simu walitiliana saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Mnara ukisimama, bado unataka umeme usiokatika na njia pana ya kurudi kwenye Mkongo, la sivyo kijiji kinapata vistari vya mtandao kwenye kioo na ukurasa usiofunguka. Setilaiti za chini, mfano zile za Starlink zilizo kilomita mia kadhaa tu juu, zimepunguza ule ucheleweshaji wa zamani kwa kiasi kikubwa, na kwa shule au kituo cha afya kilicho nyuma ya vilima zinaweza kuwa njia ya akiba. Kwa kaya moja moja bei ya vifaa bado ni nzito.

Jambo la pili, na ndilo linalonisisimua, ni sauti. Kompyuta zimeanza kuelewa Kiswahili kinachosemwa, kwa msaada wa sauti zilizotolewa na watu wa kawaida katika mradi wa Common Voice wa Mozilla na kazi nyingine kama hizo. Maana yake ni kwamba mtu asiyeandika vizuri ataweza kupiga simu, kwa kitochi kilekile, akauliza kwa mdomo wake mvua itaanza lini au deni lake ni kiasi gani, na akajibiwa. Katika ukanda kame kama huu wa kati, wenye msimu mmoja wa mvua, swali la lini upande uwele si dogo. Ila wazee wengi wa vijijini mawazo yao yananyooka zaidi kwa Kigogo, Kirangi, Kinyaturu au Kinyiramba. Wasandawe wa Chemba wana sauti za kubofya ambazo mashine iliyofundishwa lugha nyingine haitazisikia kabisa. Rekodi za lugha hizi zinapaswa kukusanywa sasa, kwa ridhaa ya wazungumzaji na chini ya sheria ya taarifa binafsi. Chuo Kikuu cha Dodoma kina chuo kizima cha teknolojia ya habari, na miongoni mwa wanafunzi wake wamo wanaotoka kwenye vijiji hivyohivyo. Sioni nani mwingine aliye karibu zaidi na kazi hii.

Nina ombi kwa wakurugenzi wa halmashauri, waganga wakuu na wakuu wa idara wanaosaini mikataba ya mifumo hapa makao makuu. Kabla hujaweka kalamu, muulize mkandarasi: mtandao ukikata saa nne asubuhi, mwananchi aliye dirishani atahudumiwaje? Jibu liandikwe ndani ya mkataba na lijaribiwe kwa kuchomoa waya mbele yako. Asipokuwa nalo, usisaini. Nawe msomaji, utakapoambiwa tena "mtandao unasumbua, njoo kesho," lipeleke swali hilohilo kwenye mkutano wa mtaa wako, na udai jibu liingie kwenye muhtasari.